Mwiko wa Jikoni na Mwiko wa Ukuta
Somo la kujifunza pamoja: akina mama katika ufundi wa ujenzi



Katika lugha yetu neno "mwiko" lina maana tatu. Kuna mwiko wa kusongea bukari. Kuna mwiko wa fundi wa kupakia simenti ukutani, ambao mafundi wengi hapa kwetu wanauita truweli. Na kuna mwiko ambao ni katazo la mila. Msichana anapewa mwiko wa kwanza tangu utoto wake. Mwiko wa pili ananyimwa, na akiuliza sababu anajibiwa kwa mwiko wa tatu: "Kazi hiyo si ya wanawake."

Somo hili linahusu mwiko wa pili. Tumelitayarisha kwa ajili ya familia zilizohamishwa na vita, familia zilizowapokea, na viongozi wao. Mnaweza kulisoma katika kikundi kwa siku moja au siku mbili.

SHABAHA YA SOMO

Mwishoni mwa somo tunatumaini kwamba kikundi kitaweza:
- kutofautisha kazi ya kubeba na kazi ya ufundi;
- kueleza kwa nini ufundi wa akina mama ni jambo la amani;
- kutaja hatua za kumfikisha mwanamke kutoka usaidizi hadi ufundi kamili;
- kukubaliana juu ya jambo moja ambalo kikundi chenyewe kitaanza kulifanya.

1. AKINA MAMA WANAJENGA TAYARI

Tuanze na yale tunayoyaona kwa macho. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkeno. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na mitaa mizima. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, ukaharibu vijiji na nyumba nyingi za upande wa Buhene. Mara zote mbili watu walirudi na kujenga juu ya mawe yaleyale yaliyokuwa moto.

Nani aliyaponda mawe hayo? Piteni kando ya barabara za Goma, mtawaona akina mama wameketi na nyundo, wanaponda mawe kuwa kokoto. Nani anachota maji ya kuchanganyia simenti? Nani anabeba mchanga kichwani? Katika kambi nako, mara nyingi ni mama aliyetafuta miti, akaichimbia, akafunga kamba, akatandika turubai juu, mtoto akiwa mgongoni. Ile ilikuwa nyumba. Ilikuwa ndogo na mbaya, lakini ilizuia mvua, na yeye ndiye aliyeijenga.

Kwa hiyo hatusemi katika somo hili kwamba wanawake waingie katika ujenzi. Wamo. Swali letu ni hili: kwa nini wamo upande wa mizigo tu?

2. MSAIDIZI ANABEBA, FUNDI ANAPIMA

Katika kila kazi ya ujenzi kuna ngazi. Chini kabisa yuko anayeponda mawe na kuchota maji. Juu yake yuko msaidizi wa fundi, anayechanganya simenti na kupitisha matofali. Juu yake yuko fundi mwenyewe, mwashi au seremala. Juu ya wote yuko kapita, anayeongoza kazi na kuongea na mwenye nyumba.

Angalieni vizuri ni kitu gani kinachowatofautisha. Aliye chini ndiye anayetoka jasho jingi kuliko wote, kwa hiyo tofauti si nguvu. Tofauti ni kupima. Fundi ana kamba, ana meta, ana timazi, ana pimamaji. Anajua ukuta unasimama wima au unainama. Anajua matofali mangapi yatahitajika. Anayejua kupima ndiye anayetaja bei, na anayebeba hupokea bei iliyotajwa na mwingine.

Wengi wetu tumefundishwa kuamini kwamba mwanamke hapati ufundi kwa sababu hana nguvu. Lakini mwiko wa fundi una uzito mdogo kuliko mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Kama nguvu ndiyo ingekuwa kipimo, mama anayebeba mchanga kutwa nzima angekuwa kapita.

3. KWA NINI HILI NI JAMBO LA AMANI

Baadhi ya wasomaji watauliza: gazeti hili linazungumza juu ya amani, matofali yanatuhusu nini? Tunatoa sababu tatu.

Kwanza, ufundi unakimbia pamoja na mwenyewe. Tunajua vita inachukua nini. Ng'ombe wanaibwa, shamba linavunwa na wengine, mabati yanang'olewa, duka linavunjwa. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalifika Goma, na katika mwezi wa Februari kambi zilizozunguka mji zilivunjwa kwa muda wa siku chache. Familia nyingi ziliondoka na kile walichoweza kubeba, zikafika kijijini zikakuta msingi tu, au majani. Katika safari kama hiyo, alichojifunza mtu mkononi na kichwani hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kumnyang'anya. Mama mwenye ufundi akifika mahali pageni leo, kesho anaweza kuuliza: "Nani anajenga hapa?"

Pili, umaskini wa mama unamweka hatarini. Anayekwenda mbali msituni kutafuta kuni za kuuza anajua hatari anayokutana nayo huko. Kazi ya ujenzi inafanyika mchana, mbele ya watu, karibu na nyumba. Haiondoi hatari zote, na tutarudi kwa hilo mbele, lakini inapunguza safari ile ya msituni.

Tatu, ukuta unajengwa na watu wawili wawili. Mmoja anashika kamba huku, mwingine anashika kule. Wakiwa ni mkimbizi na mwenyeji, au watu wa makabila mawili yaliyogombana, kamba haitanyooka mpaka wasikilizane. Hatusemi kwamba kujenga pamoja kunaponya kila kidonda. Tunasema kwamba watu wanapata sababu ya kusemezana kila asubuhi, na mwishoni kuna shule au zahanati ambayo wote wawili wanaweza kusema: "Hii tuliijenga sisi."

4. WENGINE WALIPITA NJIA HII

Kabla ya kuzungumzia hatua, tujifunze kwa watu wa mbali na wa karibu. Mara nyingi ni vita au maafa ndiyo yaliyowafungulia wanawake mlango wa ufundi. Swali ni kama mlango ulibaki wazi baadaye.

India. Katika ujenzi wa India wanawake ni wengi, lakini kwa desturi wao wanabeba matofali na mchanga kichwani, na mwiko ni wa mwanamume. Hali hiyo inafanana na yetu. Chama cha wanawake wafanyakazi kiitwacho SEWA, kilichoanzishwa mwaka 1972 katika mji wa Ahmedabad, kiliona kwamba wanachama wake wanazeeka katika kubeba. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa nyumba nyingi sana katika jimbo la Gujarat. Kazi ya kujenga upya ikawa kubwa kuliko mafundi waliokuwepo. SEWA ikatumia nafasi hiyo kuwafundisha wanawake uashi. Fundisho kwetu: wakati wa kujenga upya ndio wakati wa kufundisha. Nyumba zikishamalizika, nafasi imepita.

Rwanda. Kwa jirani zetu mila ilimkataza mwanamke kupanda juu ya nyumba. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wajane walikuwa wengi, na mvua haikungoja. Wanawake walipanda juu ya paa, wakapiga misumari, wakaezeka. Fundisho kwetu: mila ni kitu cha watu, na watu wakikaa pamoja wanaweza kuibadilisha bila kuvunja heshima.

Uingereza. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia wanaume wengi wa London walikuwa jeshini. Daraja la Waterloo, linalovuka mto Thames, lilijengwa wakati huo kwa mikono ya wanawake wengi. Lilipozinduliwa rasmi mwaka 1945, kiongozi wa serikali aliyesimama kutoa hotuba aliwasifu wanaume waliolijenga, wanawake hakuwataja. Wanawake wengi walirudishwa nyumbani, na ilichukua miongo mingi kabla kazi yao haijatambuliwa. Waliolikumbuka jambo hilo ni waendesha mashua wa mtoni, waliozoea kuliita daraja la akina mama. Fundisho kwetu: kazi isiyoandikwa inasahauliwa. Mlango uliofunguliwa na vita unaweza kufungwa na amani, kama hakuna aliyeweka mguu.

5. MANENO YANAYOPINGA

Katika vikundi vingi somo kama hili litapata upinzani. Ni vizuri maneno hayo yasemwe wazi badala ya kunong'onwa. Hapa tunatoa manne.

"Mwanamke akipanda juu ya ukuta ni aibu, watu watamtazama." Tatizo hilo ni la nguo, si la ufundi. Avae suruali au bwelasuti. Palipo na mwiko mkali wa mila, wazee waitwe na kuulizwa mila hiyo ililinda nini. Mara nyingi jibu ni heshima ya mwanamke. Basi tutafute namna ya kulinda heshima yake bila kumnyima chakula.

"Mume wake ataonekana hana kazi." Jambo hili linauma kweli. Mwanamume aliyepoteza shamba na ng'ombe amekwisha kupoteza sehemu ya heshima yake. Mke akianza kuleta pesa peke yake, nyumba inaweza kuingia katika ugomvi. Kwa hiyo tunashauri mume ahusishwe tangu siku ya kwanza, aitwe katika mkutano, aone kazi, na familia ipange pamoja matumizi ya pesa. Mume anayemlinda mtoto wakati mama yuko kazini hajapungukiwa na kitu.

"Atazaa, ataacha kazi." Atazaa, ndiyo, na mwenye mimba hapaswi kuinua mizigo mizito wala kupanda jukwaa. Lakini anaweza kupima, kuhesabu, kuandika matumizi na kufundisha wanaoanza. Fundi aliyepumzika miezi michache hasahau kazi yake.

"Vijana wetu wenyewe hawana kazi, kwa nini nafasi ipewe mwanamke?" Neno hili ni zito kuliko yote, tusilipuuze. Kijana asiye na kazi ni rahisi kuvutwa na makundi yenye silaha. Tukimwondoa kijana ili kumweka mama, tumejenga ukuta mmoja na kubomoa mwingine. Tunashauri mafunzo yawe ya mchanganyiko tangu mwanzo: msichana na mvulana, mkimbizi na mwenyeji, wakifanya kazi wawili wawili. Mashirika yanayoleta kazi yaambiwe waziwazi kwamba jamii inataka wote wawili.

6. HATUA ZA KUTOKA USAIDIZI HADI UFUNDI

Hatua ya kwanza: kuomba kufundishwa. Wasaidizi wengi wanajifunza kwa kuchungulia. Hiyo inasaidia lakini haitoshi. Mama afanye mapatano na fundi mbele ya shahidi: "Nitakusaidia kazi kwa miezi kadhaa, wewe kila siku utaniachia sehemu ya ukuta nijenge mwenyewe, kisha unisahihishe." Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari. Kuna pia shule za ufundi na vituo. Taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, INPP, iliundwa mwaka 1964 na ilifungua vituo katika miji kadhaa, pamoja na Goma na Bukavu. Kabla ya kufunga safari, ulizeni kwanza kama kituo cha karibu kinapokea wanafunzi, gharama ni ngapi, na kama cheti kinatolewa.

Hatua ya pili: kujua kupima. Tunatoa mambo matano ambayo kikundi kinaweza kujizoeza hata bila simenti.

a) Pembe ya nyumba. Pimeni meta 3 upande mmoja wa pembe, na meta 4 upande wa pili. Nyoosheni kamba kutoka alama moja hadi nyingine. Ikiwa ni meta 5 kamili, pembe ni ya mraba. Ikipungua au ikizidi, sogezeni kamba mpaka ikubali.

b) Ukuta wima. Timazi ni uzito uliofungwa kwenye uzi. Hata jiwe dogo kwenye kamba linaweza kusema ukweli. Uzi ukiwa sawa na ukuta juu na chini, ukuta umesimama.

c) Usawa. Kama hakuna pimamaji, tumieni mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, mkaujaze maji bila kubakiza mapovu ya hewa. Maji katika ncha mbili za mpira yanasimama kimo kimoja siku zote.

d) Kupanga matofali. Kiungo cha mstari wa juu kisikae juu ya kiungo cha mstari wa chini. Viungo vikifuatana kama ngazi ya moja kwa moja, ukuta utapasuka hapo.

e) Simenti. Kwa kujengea ukuta, wengi wanatumia kipimo kimoja cha simenti kwa vipimo vinne vya mchanga safi, vikipimwa kwa ndoo ileile. Changanyeni kiasi mtakachotumia kabla hakijaanza kukauka. Na baada ya kujenga, mwagieni ukuta maji kila siku, angalau siku saba. Simenti inayokaushwa haraka na jua inakuwa dhaifu. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka wanaharibu kazi.

Hatua ya tatu: kujua hesabu. Tufanye mfano mmoja. Tofali la simenti lenye urefu wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 20 linafunika sehemu ndogo ya meta mraba. Kwa meta mraba moja mnahitaji kama 12 na nusu. Ukuta wa urefu wa meta 5 na kimo cha meta 2.5 ni meta mraba 12.5. Zidisheni: 12.5 mara 12.5 ni kama 156. Ongezeni machache yatakayovunjika, nunueni 165. Mama anayeweza kumwandikia mwenye nyumba hesabu hii amekwisha kuacha kuwa mbebaji. Kwa wale wasiojua kusoma, darasa la kusoma na kuhesabu liende pamoja na darasa la uashi.

Hatua ya nne: kuwa na vifaa vyako. Msaidizi anatumia vifaa vya mwingine. Fundi anakuja na vyake. Mwiko, nyundo, timazi, pimamaji, meta, kamba na msumeno ni gharama kubwa kwa mtu mmoja. Lakini akina mama wengi wamo tayari katika AVEC, MUSO au likelemba. Kikundi kinaweza kuamua kwamba mkopo wa kwanza ununue vifaa, au kwamba seti moja iwe ya kikundi na kuazimwa kwa zamu.

Hatua ya tano: kuonyesha kazi. Jengeni kitu kidogo ambacho watu wote watakiona, kama choo cha shule, kisima, au nyumba ya mjane mzee, kwa mtindo wa salongo. Andikeni majina ya waliojenga na tarehe. Ukuta ulionyooka unabishana vizuri kuliko maneno.

Tusisahau pia kwamba ujenzi si uashi peke yake. Kuna useremala, ambao katika mji wa nyumba za mbao kama Goma una kazi nyingi. Kuna kupaka rangi, kupanga vigae, bomba za maji, kuchomelea vyuma na umeme. Kazi ya umeme isijaribiwe na mtu yeyote bila mwalimu.

7. HATARI AMBAZO HATUPENDI KUZISEMA

Tungewadanganya kama tungesema kazi hii ni rahisi. Vumbi la simenti linaharibu mapafu, na simenti mbichi inachoma ngozi. Vaeni viatu vilivyofungwa, fungeni kitambaa puani, oga mikono kwa maji mengi. Mtoto mchanga asiletwe penye simenti na mawe yanayoanguka. Akina mama wapeane zamu ya kulinda watoto.

Kuna hatari nyingine. Wapo wanaogawa kazi ambao wanamwambia mwanamke: "Nafasi ipo, lakini tuonane jioni." Huo si mzaha wala si mila. Ni unyanyasaji, na shirika lolote linaloleta kazi linapaswa kuwa na mahali pa kuupeleka malalamiko kwa siri. Viongozi, ulizeni mahali hapo ni wapi kabla kazi haijaanza. Akina mama waende kazini wawili au zaidi. Majina ya waliochaguliwa yasomwe mbele ya watu, ili nafasi isiuzwe gizani. Na choo chenye mlango kiwepo tangu siku ya kwanza.

8. NENO KWA VIONGOZI

Viongozi wapendwa, sheria iko upande wenu. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 36, inasema kwamba kazi ni haki na wajibu, na kwamba mtu asidhulumiwe katika kazi yake kwa sababu ya jinsia yake. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mshahara sawa kwa kazi sawa na ujuzi sawa. Na sheria ya familia ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016: zamani mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa mapatano mengi, tangu hapo inatakiwa mume na mke wakubaliane.

Sheria iliyo kwenye karatasi inahitaji mtu wa kuisimamisha. Tunawaomba mambo manne:
- Shirika au mfadhili akija kujenga kwenu, ulizeni ni akina mama wangapi watafundishwa ufundi. Idadi ya watakaobeba isiwatosheleze.
- Msiruhusu kujenga juu ya kiwanja chenye ugomvi. Familia zinaporudi na kukuta mwingine shambani, malizeni kwanza shauri la ardhi kwa amani. Ukuta uliosimama juu ya ugomvi utabomolewa.
- Malipo yatolewe mkononi mwa aliyefanya kazi, mbele ya shahidi.
- Wekeni daftari la mafundi wa mtaa, wanaume na wanawake, ili mtu akitafuta fundi aone majina yote.

9. MFANO WA KUJADILI

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Hausemi juu ya mtu fulani, ingawa wengi watajitambua.

Mama mmoja alikaa kambini karibu na Goma kwa miaka miwili. Ili kulisha watoto alikuwa msaidizi wa mafundi mjini. Fundi mmoja mzee alimwonea huruma, akawa anamwachia kujenga saa za mwisho za siku. Kambi ilipovunjwa alirudi kijijini na mume wake. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Shirika moja lilikuja kujenga upya shule, na kapita akaita watu.

Mama akasema, "Baba kapita, mimi ninajua kujenga."

Kapita akacheka. "Mama, maji yako mbali, na nahitaji watu wa kuchota. Hiyo nakupa."

Watu wakacheka. Mume wake alikuwepo. Aliangalia chini, hakusema neno.

Mama akachota maji siku tatu. Siku ya nne aliweka ndoo chini mbele ya ukuta wa darasa, akautazama kwa muda. Kisha akamwambia kapita polepole, pembeni, "Baba, samahani. Ukuta huu unainama. Tafadhali weka timazi."

Kapita hakutaka. Lakini mafundi wawili walikuwa wamesikia. Timazi ikawekwa. Ukuta ulikuwa umeinama vidole viwili. Wote wakanyamaza. Ukuta ule ungewaangukia watoto wa kijiji, na wa mama huyo wakiwa kati yao. Kuubomoa kulikuwa hasara ya siku nne na mifuko kadhaa ya simenti, na aibu kwa kapita mbele ya watu wake.

Tunaishia hapo. Kikundi kimalizie.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kapita afanye nini sasa, kuhusu ukuta na kuhusu mama? Mnawezaje kumsaidia afanye lililo sawa bila kumvunjia heshima?
2. Kwa nini mama alisema pembeni, polepole? Je, ingekuwa mwanamume angesema namna hiyo?
3. Mume alinyamaza mara ya kwanza. Mngekuwa yeye, mngesema nini? Ni kitu gani kilimfunga mdomo?
4. Ni nani katika mtaa au kijiji chenu anayejua ufundi lakini anafanya kazi ya kubeba?
5. Ni mwiko gani wa mila unaowazuia kwenu? Unalinda nini? Ni nani mwenye haki ya kuujadili?
6. Ni kazi gani moja ndogo ambayo kikundi chenu kinaweza kujenga pamoja, wakimbizi na wenyeji, wanaume na wanawake, kabla ya mvua kubwa?

ZOEZI LA KUMALIZIA

Tafuteni kamba, meta na jiwe. Watu wote wa kikundi, wazee kwa vijana, wapime pembe ya nyumba mnamokutana kwa njia ya 3, 4 na 5, kisha wapime ukuta mmoja kwa jiwe na uzi. Mama ndiye ashike meta, na baba ashike ncha ya kamba. Angalieni nani anajifunza haraka. Zungumzeni juu ya mlichokiona.

Ndugu wasomaji, hatujui ni mara ngapi bado tutalazimika kujenga upya. Tunaomba Mungu iwe mara ya mwisho. Lakini kila mara tunapoanza tena, tuhesabu vizuri mikono tuliyo nayo. Nusu ya mikono hiyo tumeiachia kubeba tu, huku nyumba zetu zikingoja mafundi.

Tunawatakia kazi njema na amani katika nyumba zenu.